Kusoma Umbo Ndani ya Mfuatano wa Herufi

Miongoni mwa kazi zote ambazo akili mnemba imefanya miaka hii ya karibuni, ipo moja ambayo kila nikiirudia kuisoma heshima yangu kwake huongezeka: kubashiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino zake. Wengi waliisifu kwa kasi yake. Mimi naisifu kwa namna ilivyofanywa. Mashine hii imefundishwa kuuliza kwanza, kupima majibu, kurudia kazi yake yenyewe, kisha kusema waziwazi ni wapi ina uhakika na ni wapi haina.

Kila protini huanza ikiwa mnyororo. Viungo vya mnyororo huo ni asidi amino, nazo ziko za aina 20. Wanasayansi wameipa kila aina herufi yake, kwa hiyo protini nzima inaweza kuandikwa kwa mstari wa herufi, makumi kadhaa au maelfu kadhaa. Ila ndani ya seli mnyororo haubaki umenyooka. Sehemu zisizopatana na maji hukimbilia ndani, zinazopatana nayo hubaki nje, kipande hiki hujisokota, kile hujilaza sambamba na mwenzake, mpaka wote unatulia katika umbo lake mahususi. Umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Kimeng'enya huvunja wanga kwa sababu kina shimo dogo ambamo wanga huingia na kukaa sawasawa. Kingamwili hukinasa kirusi kimoja na kukiacha kingine kwa sababu ncha zake zinalingana na uso wa kile cha kwanza tu. Anayetaka kutengeneza dawa, chanjo, au hata kuelewa ugonjwa, lazima afike kwenye umbo.

Kulifikia umbo hilo ilikuwa kazi ya kumalizia ujana. Max Perutz alianza kuichunguza hemoglobini huko Cambridge mwaka 1937. Njia ilikuwa kuigandisha protini iwe fuwele, kuipiga kwa miale ya eksirei, kisha kuyasoma madoa ambayo miale hiyo inayaacha kwenye filamu. Madoa yanaeleza nguvu ya mawimbi yaliyorudi, lakini hayaelezi kila wimbi lilianzia wapi katika mpigo wake, na bila habari hiyo picha haijengeki. Ilipita miaka 16 kabla ya Perutz kuonesha, mwaka 1953, kwamba ukiipachika protini atomu nzito za zebaki na kupiga picha upya, tofauti kati ya picha mbili inakupa kile kilichokosekana. John Kendrew alikuwa akifanya kazi hiyohiyo juu ya protini ndogo zaidi, mayoglobini, aliyoipata katika nyama ya nyangumi, kwa kuwa wanyama wanaozamia muda mrefu huhifadhi oksijeni nyingi kwenye misuli. Yeye ndiye aliyetangulia kufika: mwaka 1958 alitoa umbo la kwanza la protini kuwahi kuonekana. Perutz alifuata na hemoglobini, na mwaka 1962 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Nawataja kwa sababu ufundi wa leo umesimama juu ya mabega ya watu kama hao. Mwaka 1971 ilifunguliwa hazina ya pamoja, Protein Data Bank, ambamo kila aliyepata umbo la protini angeweka vipimo vya kila atomu ili wengine wavitumie bure. Ilianza na maumbo saba. Baada ya nusu karne yalikuwa takriban 170,000, mengi yakiwa yamegharimu miezi au miaka ya watu waliokaa maabara wakibembeleza fuwele zikue.

Wakati huohuo lilikuwapo swali la pili. Christian Anfinsen, mwanakemia wa Marekani, alichukua kimeng'enya kiitwacho ribonuklezi, akakikunjua kwa kemikali mpaka kikaacha kufanya kazi, kisha akaziondoa kemikali hizo. Kimeng'enya kilijikunja chenyewe kikarudia umbo lake na kazi yake. Maana yake ilikuwa nzito: maelekezo yote ya umbo yamo ndani ya mfuatano wa herufi. Anfinsen alipata Nobel mwaka 1972. Lakini kujua kwamba maelekezo yamo ndani si sawa na kuweza kuyasoma. Mwaka 1969 Cyrus Levinthal alikuwa ameshakokotoa kwamba mnyororo ukijaribu kila mkunjo unaowezekana, mmoja baada ya mwingine, umri wote wa ulimwengu usingetosha. Protini yenyewe humaliza kazi hiyo pengine kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kuna njia, basi, wala si kubahatisha. Ilibaki kuitafuta.

Waliotafuta walijiwekea mtihani mgumu na wa haki. Mwaka 1994 John Moult na Krzysztof Fidelis walianzisha shindano liitwalo CASP, linalofanyika kila baada ya miaka miwili. Maabara zilizopata umbo la protini lakini hazijalitangaza hutoa mfuatano wake tu. Washindani hubashiri, kisha waamuzi hulinganisha ubashiri na umbo halisi, bila kujua ni kazi ya kundi gani. Alama 100 ni kulingana kikamilifu. Ukifika karibu na 90 unahesabika umekaribia usahihi wa maabara. Kwa protini ngumu zaidi, zile zisizo na ndugu anayejulikana umbo lake, hata mwaka 2016 kundi bora lilikuwa likizungukia alama 40. Mtihani wa aina hii hauna pa kujifichia, na naamini bila huo hakuna ambacho kingefuata.

Mwaka 2018 kampuni ya DeepMind ya London iliingia na mfumo wake AlphaFold, ikashika nafasi ya kwanza. Hapo ndipo napenda kusimama kidogo. Timu iliyoongozwa na John Jumper, mwanafizikia kwa asili, haikuendelea kuuchonga mfumo ulioshinda. Iliona kwamba umefika ukingoni mwa uwezo wake, ikauweka kando, ikajenga mwingine kuanzia msingi. Fundi anayeacha chombo kilichompa ushindi kwa sababu anajua hakitamfikisha anakokwenda, huyo ameshika kazi yake barabara.

Mfumo mpya, AlphaFold 2, hauanzi kwa kuutazama mfuatano ulioletwa peke yake. Unatafuta ndugu zake kwanza. Protini ileile, kwa mfano inayobeba oksijeni, imo ndani ya binadamu, ng'ombe, kuku, samaki na mamba, na katika kila kiumbe imebadilikabadilika kidogo kwa mamilioni ya miaka. Mfumo unapekua hifadhi za mifuatano, unakusanya ndugu kwa mamia au maelfu, na kuwapanga mstari chini ya mstari, herufi ya 10 chini ya herufi ya 10, ya 50 chini ya ya 50. Jedwali hilo ni ushahidi. Herufi ambayo haijawahi kubadilika katika kiumbe chochote ipo mahali nyeti. Inayobadilika ovyo ipo mahali pasipo na madhara.

Utamu uko katika jozi. Seremala aliyebadilisha fremu ya mlango hana budi kuuchonga na mlango, la sivyo haufungi. Anayepita baadaye akaona vyote viwili vimebadilika pamoja atajua vinagusana. Ndivyo ilivyo kwa asidi amino mbili zilizo mbali katika mnyororo, tuseme ya 12 na ya 87. Ikiwa katika kila kiumbe ambamo ya 12 imekuwa kubwa, ya 87 imekuwa ndogo, basi yaelekea mnyororo ukijikunja hizo mbili zinakutana ubavu kwa ubavu. Wazo hili halikuanzia London. Wanabiolojia walikuwa wakilifuatilia tangu miaka ya 1990, na mwaka 2011 kikundi cha Debora Marks na Chris Sander kilionesha kwamba takwimu zake zinaweza kujenga maumbo mazima. Kilichofanywa na AlphaFold 2 ni kuusikiliza ushahidi huu kwa makini zaidi kuliko yeyote aliyetangulia.

Sehemu yake inayosikiliza inaitwa Evoformer, na ina tabaka 48. Inashika majedwali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni lile la ndugu. La pili lina chumba kwa kila jozi ya viungo vya mnyororo, na ndani ya chumba mfumo unaandika unachodhani kuhusu uhusiano wao: viko karibu, viko mbali, vinaelekeana vipi. Katika kila tabaka majedwali haya yanasahihishana. Ndugu wakidokeza kwamba viungo viwili vinagusana, jedwali la jozi linapokea habari. Jedwali la jozi likiona dokezo hilo haliwezekani, linarudi kuwauliza ndugu kwa jicho jingine.

Lijuaje kwamba haliwezekani? Kwa pembetatu. Kama kiungo A kiko karibu na B, na B kiko karibu na C, basi A na C haviwezi kuwa mbali kupita kiasi, kwa kuwa upande mmoja wa pembetatu haushindi jumla ya pande mbili. Mtoto wa sekondari anaijua kanuni hii. Waliojenga Evoformer waliifanya iwe mwendo wa kila siku wa mashine: kwa kila jozi, pitia kila kiungo cha tatu, uone kama pande zote tatu zinaelewana. Hakuna aliyeiambia mashine umbali wenyewe. Iliambiwa tu kwamba vitu vilivyomo katika nafasi ya pande tatu huhojiwa vitatu vitatu. Kwangu hapo ndipo penye ustadi wa hali ya juu, kwani kujua ni kitu gani cha kumfundisha mwanafunzi na ni kipi cha kumwachia akitafute mwenyewe ni nusu ya ualimu.

Baada ya tabaka 48 kazi inaingia hatua ya kujenga. Mwanzoni asidi amino zote zimewekwa kwenye nukta moja, zimeelekea upande mmoja. Zaidi ya hayo, mnyororo umekatwa: kila kiungo kiko huru kusogea na kuzunguka bila kumsubiri jirani. Kwa fikra ya kawaida hili ni kosa, maana protini halisi haikatiki. Lakini mnyororo uliofungwa ni mgumu kuurekebisha, kwa sababu ukisogeza kiungo kimoja unaburuta vyote vinavyofuata. Ukivifungua, kila kimoja kinakwenda mahali pake na vingine vinaendelea na safari zao. Baadaye viungo vinarudi kushikana, na mwishoni kanuni za fizikia zinatumika kunyoosha atomu zilizokanyagana. Kisha umbo lote linarudishwa mwanzoni likiwa ushahidi mpya, na mzunguko unarudiwa mara tatu.

Watafiti waliuchungulia mfumo ukiwa kazini kwa kuutaka utoe umbo katika kila hatua. Kwa protini nyepesi, umbo lilionekana katika tabaka za mwanzo na halikubadilika sana. Kwa protini ORF8 ya kirusi cha korona ilikuwa tofauti. Vipande vilijengwa, vikabomolewa, vikapangwa upya, tabaka baada ya tabaka, na suluhisho likaja mwishoni kabisa. Sidai kwamba mashine inafikiri kama mtu. Nasema tu kwamba imejengwa iweze kuachana na jibu la kwanza, na hiyo ni sifa adimu.

Mafunzo yake nayo yana adabu. Mfumo ulifundishwa kwa yale maumbo ya Protein Data Bank. Njiani baadhi ya herufi katika jedwali la ndugu zilifichwa, ukatakiwa uzijaze, ili ujifunze undugu wenyewe badala ya kukariri. Kisha ulibashiri maumbo ya mifuatano takriban 350,000 ambayo hayakuwa yanajulikana, na bashiri zilizokuwa na uhakika mkubwa zikatumika kuufundisha tena.

Novemba 2020 matokeo ya CASP yalitangazwa. Waamuzi hawakuwa na jina mbele yao, walikuwa na namba tu: kundi la 427, nalo ndilo lililokuwa la AlphaFold 2. Alama yake ya kati ilikuwa 92.4, na kwa protini ngumu kabisa 87. Mmoja wa waamuzi, Andrei Lupas wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, alikuwa na protini ambayo maabara yake ilikuwa na picha zake za eksirei kwa takriban miaka kumi bila kuweza kuzigeuza kuwa umbo. Aliuchukua ubashiri wa kundi la 427 ukawa ufunguo wa picha zile, na katika nusu saa umbo likapatikana. Tazama kilichotokea: ubashiri haukuzifuta picha za maabara. Ulizifanya zisomeke.

Julai 2021 mbinu zote zilichapishwa katika jarida la Nature pamoja na programu yake. Mwezi huohuo, kwa ushirikiano na taasisi ya EMBL-EBI, ilifunguliwa hifadhi ya maumbo ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuiingia bila malipo. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200. Vimelea vya malaria, malale na kichocho vimo. Mwanafunzi wa Mwanza anayesomea kichocho, katika ukanda ambao ziwa lenyewe ndilo chanzo cha maradhi hayo, anafungua ukurasa uleule anaoufungua profesa wa Cambridge.

Ukurasa huo nausifu kwa jambo moja kuliko yote. Umbo linaonekana likiwa na rangi, na rangi hizo ni kiwango cha uhakika. Buluu iliyokolea ni sehemu ambayo mfumo umejipa alama zaidi ya 90. Buluu nyepesi ni 70 hadi 90. Manjano ni 50 hadi 70, na rangi ya chungwa ni chini ya hapo: usiitegemee. Fungua protini yoyote ndefu ya binadamu, na pengine utakuta kitovu cha buluu kilichokunjika kwa nidhamu, na kutoka humo nyuzi za chungwa zinazoning'inia huku na huku. Mara nyingi nyuzi hizo si udhaifu wa mashine, kwani zipo sehemu za protini ambazo kweli hazina umbo moja. Mashine imejifunza kuzitambua kwa kukiri kwamba haioni kitu cha kushika. Jibu ambalo kila kipande chake kimebandikwa kiwango cha kuaminika ni jibu la mtu mzima.

Faida yake imeshaonekana palipo na subira ya maabara. Kundi la Matthew Higgins huko Oxford lilikuwa likiisumbukia Pfs48/45, protini iliyo juu ya kimelea cha malaria katika hatua yake ya uzazi. Chanjo inayoilenga ingezuia kimelea kisizaliane ndani ya mbu, hivyo mbu akose cha kumpa mtu anayefuata. Mwaka 2022 walichapisha umbo lake kamili wakiwa wameunganisha vipimo vya fuwele na ubashiri wa AlphaFold. Sasa wanajua kingamwili zenye nguvu zinashika wapi, na chanjo inaweza kuundwa kwa kuilenga sehemu hiyo hasa.

Mipaka nayo ipo, na anayeipenda kazi hii lazima aitaje. Chukua ugonjwa wa selimundu, unaozijua nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Chanzo chake ni herufi moja. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, wenye asidi amino 146, ya sita ambayo ingekuwa asidi ya glutamiki imekuwa valini. Vernon Ingram aligundua hilo Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957, na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa ameonesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria. Ukiupa mfumo mfuatano wenye valini, umbo linalotoka ni karibu lilelile la hemoglobini ya kawaida. Na ni sahihi, maana mkunjo haukuharibika. Madhara huja protini mbili zinapokutana. Oksijeni ikishaachiwa, valini ile, inayokimbia maji, hujichomeka katika shimo la hemoglobini ya jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Jirani naye humshika mwingine, nyuzi ngumu zinarefuka, na chembe nyekundu inapinda. Picha ya protini moja iliyotulia haiwezi kukueleza hayo.

Protini hutikisika, hufunguka, hushikana na wenzake na dawa na DNA. AlphaFold 3, iliyotoka Mei 2024, hubashiri miungano ya namna hiyo. Mwaka huohuo Jumper na Demis Hassabis wa DeepMind walipewa nusu ya Nobel ya Kemia, na nusu nyingine ikaenda kwa David Baker wa Seattle, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiligeuza swali: badala ya kuuliza mfuatano huu una umbo gani, anauliza umbo ninalolitaka linahitaji mfuatano upi.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema kompyuta imemaliza kazi ya maabara, naona wameangalia kasi wakaacha ufundi. Mfumo huu ulijua kwa sababu watu waliweka hadharani, kwa miaka 50, kile walichokipata kwa jasho. Ndugu wa protini wakiwa wachache, chini ya 30 hivi, ubashiri wake unalegea. Mifuatano mipya itakayotoka kwa vimelea, mimea na watu wa kwetu ndiyo itakayouongezea mashahidi, na maumbo mapya yatakayopimwa kwa mikono ndiyo yatakayousahihisha. Kila maabara ya Afrika Mashariki inayosoma mfuatano wa kimelea na kuuweka katika hazina ya pamoja inashiriki katika ufundi huu moja kwa moja, na inastahili bajeti na heshima inayolingana na mchango huo.